Daktari, Huu ni Uvimbe wa Nini?

Barua za mwezi huu zimekuja karibu zote na neno moja. Mmoja anaandika kuhusu taya la mwanawe, mwingine kuhusu bega lake, wa tatu kuhusu kinena, na wa nne kuhusu miguu ya baba yake. Na wote wanasema "uvimbe". Neno hili tunalitwisha mzigo mkubwa kuliko linavyoweza kubeba, kwa kuwa jipu ni uvimbe, busha ni uvimbe, mtoki ni uvimbe, na saratani nayo mara nyingi huanza kuonekana kama uvimbe. Ukitoka kwa daktari ukiwa umeambiwa una uvimbe, bado hujaambiwa unaumwa nini. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaondoa.

*Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi nje kidogo ya mji wa Lira. Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Magego yake ya upande wa kushoto yalianza kulegea, tukaenda yakang'olewa mawili. Wiki mbili baadaye shavu lilivimba kana kwamba ameficha embe mdomoni, na wala halalamiki maumivu. Shemeji yangu anasema mtoto amerogwa. Hospitalini wanashuku limfoma ya Burkitt na wanataka kumkata kipande. Burkitt ndiyo nini? Wadogo zake wataambukizwa? Na kipande ni cha nini, ikiwa wameshajua ugonjwa?*

Mama mpendwa, nianze na la haraka kabla ya mengine yote. Ikiwa tangu uliponiandikia hujarudi hospitalini, liweke jarida hili kando uende. Limfoma ya Burkitt ni saratani ya chembe nyeupe za damu, na ni miongoni mwa aina za uvimbe zinazokua kwa kasi kuliko zote zinazompata binadamu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu katika muda wa siku moja au mbili, na shavu lililo kama embe wiki hii laweza kulifumba jicho wiki ijayo. Lakini faraja imo humo humo katika kasi hiyo. Dawa za kemotherapia huziwinda hasa seli zinazojigawa, na uvimbe ambao seli zake nyingi ziko katika shughuli hiyo huyeyuka mbele ya dawa upesi ajabu. Watoto wengi wanaofikishwa mapema na kumaliza matibabu hupona kabisa.

Kung'olewa kwa meno kusikusumbue moyo. Uvimbe huu hula mfupa unaoyashikilia meno, kwa hiyo jino hulegea kabla shavu halijaonyesha kitu, na anayeliona jino linacheza hufikiri kwanza habari ya jino. Ila wazazi wengine wajue hili: mtoto wa miaka sita huanza kung'oka meno ya mbele, hasa ya chini, na magego ya utotoni husubiri mpaka miaka tisa au zaidi. Magego yanapolegea pamoja katika umri wa miaka minne, mitano au sita, tena bila kuoza, mtoto huyo apelekwe kwa daktari. Wakati mwingine uvimbe huanzia tumboni, kwenye figo au kwenye ovari za msichana, na mama huona tu kwamba tumbo la mwanawe limekuwa gumu na suruali haifungi.

Sasa kipande. Daktari mzoefu akilitazama taya la mwanao anaweza kukisia, na mara nyingi atapatia, lakini dawa anazotaka kumpa mtoto ni kali mno kutolewa kwa kukisia. Kipande kidogo, au majimaji yaliyovutwa kwa sindano nyembamba, hupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Katika limfoma ya Burkitt seli za saratani hujipanga zimebanana, zambarau iliyokolea, na katikati yake hapa na pale kuna seli kubwa nyeupe-nyeupe zinazomeza mabaki ya seli zilizokufa. Wataalamu wa patholojia huiita picha hiyo "anga lenye nyota". Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi, na nakiri nililisifu anga kabla ya kukumbuka kwamba ni shavu la mtoto. Baada ya hapo watapima damu, watampiga ultrasaundi ya tumbo, na watachukua maji ya uti wa mgongo, ili wajue ugonjwa umefika wapi.

Burkitt ni jina la mtu. Denis Burkitt alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tu tangu utotoni, na kituo chake cha kwanza Uganda, mwaka 1946, kilikuwa Lira hapo hapo kwenu. Akiwa huko aligundua kwamba mabusha yalikuwa mengi upande wa mashariki wa wilaya na machache upande wa magharibi, akazoea tangu hapo kuuliza swali ambalo wapasuaji hawaliulizi sana: mgonjwa huyu ametoka wapi? Mwaka 1957, akiwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Hakuelewa. Majuma machache baadaye alikuwa katika hospitali ya Jinja, akatupa jicho dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi na mama yake kwenye nyasi akiwa na uso ule ule. Hapo aliacha alilokuwa akifanya akatoka nje. Mwaka 1958 aliandika habari za ugonjwa huo, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari la mtumba maili zipatazo 10,000 katika wiki kumi, kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali ni wapi watoto wa namna hii wanaonekana. Jibu lilikuwa kwamba wanaonekana kwenye nchi za joto, zenye mvua, zilizo chini ya kama mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Kwa maneno mengine, pale pale mbu wa malaria anapostawi.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la maambukizi. Mwaka 1964 watafiti wa London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, walikuta kirusi ndani ya seli za uvimbe zilizopelekwa kwa ndege kutoka Kampala, nacho kikaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Kirusi hicho huenezwa kwa mate, na katika nchi yetu karibu kila mtoto hukipata kabla hajaanza shule, bila kuugua lolote la maana. Wadogo zake mwanao huenda tayari wanacho, kama nilivyo nacho mimi na ulivyo nacho wewe. Kirusi peke yake hakitoshi. Malaria inayorudi tena na tena huzichosha na kuzichochea chembe nyeupe za damu ambamo kirusi kimejificha, na siku moja, katika chembe moja tu, jeni inayoamuru kujigawa huhama mahali pake na kukosa wa kuizuia. Kwa hiyo uvimbe wenyewe hauambukizi, na watoto wale sahani moja na walale chumba kimoja. Ila walale ndani ya chandarua.

Kwa shemeji yako sina maneno makali. Mtoto aliyekuwa mzima mwezi uliopita akigeuka sura namna hiyo, mtu yeyote hutafuta mkono wa mtu. Mwambie tu kwamba ugonjwa huu una jina, umeanza kutibiwa Uganda kabla yeye hajazaliwa, na kwamba Kituo cha Matibabu ya Limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili ya watoto hao hao ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Kwa aliyeko Lira, Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor, Gulu, nayo imewatibu watoto wengi wenye limfoma hii.

Naongeza mambo mawili, maana nimeona watoto wakipotea kwa sababu yake. La kwanza, dawa zikianza, seli hufa kwa wingi kwa mara moja na taka zake huzilemea figo; kwa hiyo usishangae wauguzi wakimtia maji mengi ya mshipa mtoto anayekunywa vizuri, na wakikusumbua upime mkojo wake. La pili, baada ya dozi ya kwanza shavu linaweza kunywea ndani ya siku chache hata majirani wakakupongeza. Hapo ndipo nauli inapohesabiwa, shamba likakumbukwa, na mtoto akarudishwa nyumbani. Seli zilizosalia hazionekani kwa macho, na zikirudi hurudi zimezizoea dawa. Dozi zote zimalizwe, hata kama uso umerudi kuwa ule unaoujua.

*Shikamoo daktari. Mimi ni mstaafu, naishi Bombo. Nilikuwa na uvimbe laini begani kwa miaka tisa, mwaka huu nikatolewa. Ripoti inasema "lipoma". Mke wangu naye alipigwa picha ya tumbo akaambiwa ana "mioma". Kijana mmoja hapa mtaani anasema kila neno linaloishia na "oma" ni kansa. Kwa nini madaktari hamsemi wazi?*

Marahaba, Mzee wangu, ingawa kwa miaka yako ni mimi niliyepaswa kukuamkia. Kijana wa mtaani amesikia nusu ya habari. "Oma" ni kiambishi cha Kigiriki ambacho madaktari hukitumia kumaanisha uvimbe, na mbele yake huwekwa jina la kilichovimba. Lipoma ni uvimbe wa mafuta: unatulia chini ya ngozi kama kipande cha unga uliokandwa, ukiubonyeza unateleza, na kwa kawaida hauumi. Wako umekaa miaka tisa bila kukudhuru, na hiyo peke yake ni ushahidi mzuri. Mioma, ambayo wengi huiita fibroidi, ni uvimbe wa misuli ya kizazi. Wanawake wengi sana wanao, wengine bila kujua, na kugeuka kwake kuwa saratani ni nadra mno. Hutibiwa ukileta damu nyingi ya hedhi, maumivu, au shida ya kushika mimba, na mwanamke akikoma hedhi mara nyingi husinyaa wenyewe. Ikiwa mama hana lolote kati ya hayo, anaweza kukaa nao wakizeeka pamoja.

Tatizo ni kwamba mwisho wa neno haukuambii tabia ya uvimbe. Karsinoma ni saratani, nayo huanzia kwenye ngozi au kwenye utando unaofunika viungo kama matiti, utumbo na shingo ya kizazi. Sarkoma ni saratani ya mifupa, misuli na nyama nyingine za kushikilia mwili. Limfoma na melanoma yamekaa kipole kama lipoma, lakini yote mawili ni saratani. Na kwa kuwa nimeitaja melanoma, niseme kwamba kwa sisi watu weusi hupenda kujitokeza kwenye nyayo na chini ya kucha, kama doa jeusi linalopanuka, mahali ambapo mtu hajitazami. Kisha kuna hematoma, ambayo ni damu iliyoganda ndani ya nyama baada ya kugongwa, na trakoma, ambayo ni ugonjwa wa macho usiohusiana na uvimbe hata kidogo. Hebu fikiria mtu aliyepewa karatasi yenye maneno haya yote na akaachwa aende nayo nyumbani. Lawama yako, Mzee, naikubali.

Tofauti unayotakiwa kuijua ni ya tabia. Uvimbe usio wa saratani hukaa ndani ya mipaka yake, mara nyingi ukiwa na utando wake kama ganda la yai, na hata ukikua husukuma tu vilivyo jirani. Uvimbe wa saratani hauna mpaka: huingia katikati ya nyama nzima kama mizizi ya mti ukutani, na seli zake huweza kusafiri kwa damu au kwa mishipa ya limfu (majimaji ya mwilini yasiyo damu) zikaanzisha makao mapya kwenye ini, mapafu au mifupa. Kusafiri huko ndiko kunakoandikwa "metastasisi". Na mkiona namba katika ripoti, msizichanganye. Daraja linaeleza jinsi seli zinavyoonekana zimekasirika chini ya hadubini, hatua inaeleza ugonjwa umefika wapi mwilini. Mtu anaweza kuwa na saratani ya daraja la 3 iliyo katika hatua ya 1, nayo ikatibika.

Umeniuliza pia, katika sehemu ya barua niliyoikata, kama ni kweli kwamba kisu huamsha saratani. Imani hii naisikia kila wiki. Inatokana na jambo la kweli lililoonwa vibaya: watu hufika kupasuliwa wakiwa wamechelewa, ugonjwa umeshaenea, wanafariki baada ya miezi michache, na kisu hulaumiwa kwa kuwa ndicho kilichoonekana. Kupimwa kipande hakugeuzi uvimbe wa kawaida kuwa saratani. Kinachoharibu ni kipande kutupwa. Nimewahi kumpokea mgonjwa aliyetolewa uvimbe wa titi katika kliniki moja, na alipoulizwa majibu alisema aliambiwa "tumeutoa wote, umepona". Hakuna aliyeutazama kwa hadubini. Kwa hiyo ukitolewa uvimbe wowote, uliza unapelekwa maabara gani, hakikisha umetiwa kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, na si kwenye maji, na ripoti ikija dai nakala yako uitunze pamoja na hati ya shamba.

*Naendesha boda boda Busia. Nilijikata kidole cha mguu na bati, na sasa nina uvimbe kwenye kinena unaouma nikitembea. Nimeogopa sana.*

Huo ni mtoki, kijana wangu. Kwenye kinena, kwapani na shingoni kuna tezi za limfu zinazochuja uchafu unaopanda kutoka kwenye viungo, na kidole kilichoingia vijidudu huiamsha tezi iliyo njiani. Nenda kituo cha afya wakakisafishe kidonda, wakutibu maambukizi kama yapo, na waulize habari ya sindano ya pepopunda, kwa kuwa bati la barabarani halina adabu. Kidonda kikipona, mtoki nao hunywea. Usiupake dawa ya moto na usiukande. Tezi ya kuogopwa ni ile isiyouma, ngumu, iliyokaa zaidi ya mwezi bila sababu, au iliyotokea juu ya mfupa wa mtulinga, hasa ikiandamana na kukonda, homa na jasho la usiku. Hiyo ipimwe: yaweza kuwa kifua kikuu, yaweza kuwa VVU, yaweza kuwa limfoma, na ya kwanza ndiyo huwa tunaitafuta mapema.

*Baba yangu ni mkulima wa Kamwenge, ana miaka 61. Miguu yake yote miwili imevimba kuanzia vidole mpaka chini ya magoti, ngozi imekuwa ngumu kama gome. Wamempima damu ya minyoo ya matende mara mbili, hakuna kitu. Watu hawataki kuketi naye kanisani. Ni matende gani haya yasiyo na minyoo?*

Swali lako ni zuri, maana miaka kumi na kitu iliyopita liliwashangaza hata wataalamu. Matende tunayoyafahamu huletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, nayo huziba mishipa ya limfu hata mguu ukafura, au ukatokea busha. Watu wa Kamwenge walipoonekana wakivimba miguu na vipimo vya minyoo vikawa hasi, uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kisababishi ni udongo. Ugonjwa unaitwa podokoniosi. Hutokea kwenye nyanda za juu zenye udongo mwekundu uliotokana na volkano, kwa mtu aliyelima na kutembea peku miaka mingi. Chembe ndogo mno za madini hupenya kwenye ngozi ya nyayo, huingia kwenye mishipa ya limfu, na mwili ukipigana nazo mishipa hiyo hupata makovu na kuziba. Mtaona kwamba ramani yake imekaa kinyume na ile ya Burkitt: ule ni uvimbe wa nchi za chini, huu ni wa nchi za juu.

Dalili ya mwanzo huwa mwasho na kuchomachoma kwenye nyayo baada ya siku ya kulima. Uvimbe huanzia vidoleni ukipanda, kwa kawaida katika miguu yote miwili, na ni nadra kuvuka goti, wakati matende ya minyoo mara nyingi huanzia juu, hufika pajani na hupenda mguu mmoja. Wa baba yako umejieleza wenyewe. Haumwambukizi mtu, hata mke anayelala naye, na ningefurahi ukimwonyesha mchungaji wenu aya hii ili aisome pale mbele.

Tiba haiko kwenye chupa, ndiyo maana watu huidharau. Kila jioni aoshe miguu kwa maji safi na sabuni, akipitisha kitambaa kati ya vidole na ndani ya mikunjo yote. Aloweke kwa muda katika maji yaliyotiwa dawa kidogo ya kuua vijidudu kwa kipimo atakachopewa kituoni. Aikaushe vizuri, hasa katikati ya vidole ambako fangasi hukaa. Kisha apake vaselini ili ngozi ilainike na isipasuke. Akilala, miguu iinuliwe juu ya mto. Anaweza kufundishwa kuifunga bendeji kutoka vidoleni kwenda juu. Ngozi iliyopasuka ndiyo mlango wa homa zile kali ambazo mguu huwa mwekundu, wa moto, na baba anatetemeka kitandani. Siku hiyo asioshwe tu, apelekwe apate dawa ya vijidudu.

Mguu ukiwa bado laini, unaobonyea kidole, utapungua kwa miezi michache. Ule ulioshakuwa mgumu kama gome hautarudi wote, lakini harufu itaisha, homa zitapungua, na atavaa kiatu. Kiatu chenyewe huenda kikabidi kushonwa kwa kipimo chake, maana vya dukani havitamwingia. Mpelekeeni fundi karatasi iliyochorwa kuzunguka wayo jioni, wakati mguu umevimba zaidi. Na umeuliza kama anaweza kurudi shambani. Anaweza, akiwa na soksi na gambuti, na wajukuu wanaomfuata shambani nao wavalishwe viatu tangu sasa, kwa sababu udongo anaolima yeye ndio huo huo wanaochezea.